Gari kwa Mafungu: Tutazame Mkataba, Jina Halitoshi

Familia nyingi zinazohitaji gari lililotumika, liwe la kuwapeleka watoto shule na madrasa au la kutafutia riziki, hazina fedha taslimu za kulilipia kwa siku moja. Mlango wa mkopo wa riba uko wazi kila mtaa, nayo riba imeharamishwa katika Suratul Baqara, aya ya 275. Alhamdulillah, upo mlango mwingine. Amana Bank ilianza kazi Dar es Salaam mwaka 2011 kwa misingi ya sharia, na baadhi ya benki za kawaida zimefungua huduma za Kiislamu. Hata hivyo, jina la Kiislamu juu ya fomu halihalalishi muamala. Kinachouhalalisha ni namna unavyofanyika.

Njia iliyoenea ni murabaha. Mteja huchagua gari. Benki hulinunua kwa mwenye yadi, kisha humuuzia mteja kwa bei yenye faida inayojulikana, naye hulipa kwa mafungu. Tuchukue mfano wa gari la shilingi 12,000,000, ambalo benki inaliuza kwa shilingi 14,400,000 kwa miezi 24. Kila mwezi mteja atalipa shilingi 600,000.

Atauliza mwenye kuuliza: nyongeza hiyo ina tofauti gani na riba? Tofauti iko katika umiliki na hasara. Mkopeshaji wa riba hutoa fedha na kudai fedha zaidi. Muuzaji wa murabaha hulimiliki gari kwanza. Likiungua kabla hajaliuza, hasara ni yake. Mtume (SAW) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza kitu asichokuwa nacho. Tena, bei ikishakubaliwa haipandi. Mteja akiugua na kuchelewa miezi mitatu, deni halizai deni. Ikiwa mkataba una faini ya ucheleweshaji, fedha hizo zipelekwe katika sadaka, zisiwe pato la benki.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimlipe mwenye yadi wala usifunge naye mauziano kabla ya kwenda benki. Gari likishakuwa lako, benki haina cha kukuuzia. Kitakachobaki ni fedha kwa fedha. Fomu ya kwanza utakayotia saini iwe ahadi ya kununua tu. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lenye makao yake Jeddah, lilipokutana Kuwait mwaka 1988 lilibainisha kuwa ahadi inayozifunga pande zote mbili inafanana na mauziano yenyewe, na hayo hayafai kabla benki haijalimiliki gari. Ukiletewa karatasi ya mauziano kabla benki haijanunua, simama na uulize.

Vilevile, gari lililotumika lina siri zake. Mikataba mingi huiondolea benki dhamana ya kasoro. Kwa hiyo mpeleke fundi unayemwamini akague injini na gia, na uhakikishe kuwa jina lililo kwenye kadi ya gari ndilo la anayeuza. Kadi hiyo kuwekwa rehani benki mpaka deni liishe hakuna ubaya.

Mwisho, tunawausia mume na mke washauriane kabla ya saini. Ile 600,000 itatoka fungu gani, baada ya mafuta, bima, matengenezo na karo? Aya ya 282 ya sura hiyohiyo inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Basi nakala ya mkataba ikae nyumbani, mahali ambapo wote wawili wanapajua. Mauti hayangoji fungu la mwisho, na katika Suratun Nisaa, aya ya 11, mirathi hugawanywa baada ya deni kulipwa. Deni ambalo mjane hakulijua ndilo litakalopunguza haki yake na ya mayatima wake.

Wabillahi tawfiq.