Haki za Watu Wenye Ulemavu Huanzia Ofisi ya Kijiji

Tangu mwaka 1992, kila tarehe 3 Desemba dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Hotuba husomwa na ngoma huchezwa. Kesho yake mtu anayetembelea magongo hukuta ofisi ileile yenye vidato vilevile. Vidato hivyo ndivyo kiini cha suala lenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unaeleza kuwa ulemavu hutokana pia na vizuizi ambavyo jamii imeviweka au imeviacha.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iliufikisha mkataba huo vijijini. Inakataza ubaguzi, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3, na inaagiza kuundwa kwa kamati za watu wenye ulemavu katika kijiji au mtaa, kata na halmashauri.

Lipo pia suala la fedha. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023, ikarejeshwa mwaka 2024. Ushuru wa alizeti na vitunguu ni sehemu ya mapato hayo, kwa hiyo anayekopeshwa hapokei hisani ya mtu yeyote. Kwa Singida, mtaji mdogo wa kununua alizeti wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, au wa kufuga kuku wa kienyeji, waweza kumtoa mtu katika kutegemea ndugu kwa kila kitu.

Ugumu ni kwamba wengi hawajulikani. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa zaidi ya mmoja katika kila Watanzania kumi wenye umri wa miaka saba na kuendelea ana ulemavu, lakini bado wapo wanaofichwa ndani, hasa wenye ulemavu wa akili, na majina yao hayamo katika daftari la kijiji. Wengine hujulikana lakini hawasikilizwi. Kiziwi hufika ofisini na ndugu yake; maswali huulizwa ndugu, majibu hutoa ndugu, na pengine hata fedha hupokea ndugu. Mwenye haki ndiye anayepaswa kuulizwa, kwa msaada wa mkalimani anayemwamini.

Kwa kuanzia, jina liandikishwe kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Maelezo ya masharti ya mkopo hutolewa na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Asiyeweza kufika atume ujumbe, naye afuatwe nyumbani. Na katika mkutano mkuu wa kijiji ujao, mkazi yeyote, mwenye ulemavu au asiye nao, ana haki ya kuuliza kama kamati ya watu wenye ulemavu ipo, wajumbe wake ni akina nani, na ilikutana lini mara ya mwisho.