Sura ya Saba: Uzi Upi Ulitangulia

Weka kitambaa cha lesi mezani, ukitazame mpaka macho yakuume. Utaona matundu yalipo, utaona uzi ulipopita, utaweza hata kuhesabu maua yake. Usichoweza kuona ni uzi upi ulitangulia. Kazi iliyokwisha huficha utaratibu wake, na katika fani hii utaratibu ndio kila kitu. Ndiyo maana wapo watu wazima, wengi wao wastaafu, wanaojilipia nauli kila mwaka kwenda kukaa darasani juma zima na kufundishwa kitu ambacho picha yake wanayo nyumbani kitabuni.

Sura hii inahusu mikutano hiyo. Naiandika Nyasura, hapa Bunda, ambako lesi kwa watu wengi ni kitambaa cha dukani cha kushonea gauni la harusi, na mtu aliyeitengeneza hafikiriwi kabisa. Si ajabu basi kwamba nikisema kuna mikutano ya kimataifa ya watengenezaji lesi, swali la kwanza huwa: wanakwenda kuuza nini? Hawaendi kuuza. Wanakwenda kusoma. Msomaji akilishika hilo tu, mengine yatamwingia bila shida.

Tuanze na kazi yenyewe. Kitambaa cha kawaida hufumwa kikajaa. Lesi hujengwa uzi kwa uzi kuzunguka nafasi tupu. Njia za kuijenga ni nyingi. Iliyotukuzwa zaidi ni ya sindano moja, iliyopata umaarufu Venice katika karne ya 16: nyuzi za mwongozo hutandazwa juu ya karatasi ngumu, kisha sindano huzizungushia mshono uleule wa kutilia tundu la kifungo, mara elfu kadhaa, na mwishowe karatasi huondolewa. Sitakaa sana hapo. Inayotaka maelezo ni ile ya bobini, kwa sababu ndiyo inayojaza madarasa mengi ya mikutano na ndiyo inayowatisha wageni.

Mwanafunzi hukaa mbele ya mto mgumu uliojazwa na kushindiliwa. Juu yake kuna mchoro wa karatasi nene uliotobolewa vitundu. Kila kitundu ni mahali pa pini. Nyuzi zimezungushiwa kwenye bobini, vijiti vyembamba vya mbao visivyozidi sana urefu wa kidole, na bobini hutembea jozi kwa jozi. Mgeni anaona bobini 60 zimetapakaa juu ya mto na kukata tamaa. Asikate. Mikono hushika nne tu kwa wakati mmoja, na hizo nne hufanya mambo mawili tu. La kwanza ni kuvusha: zihesabu kutoka kushoto, kisha ya pili uipitishe juu ya ya tatu. La pili ni kusokota: ya pili ipite juu ya ya kwanza, na ya nne juu ya ya tatu. Basi. Vusha, sokota, vusha, unapata sehemu iliyobana kama kitambaa. Vusha, sokota, halafu uhamie jozi inayofuata, unapata wavu mwepesi ambao nyuzi zake zinakwenda mshazari. Lesi za miji ya Bruges na Idrija zimetoka humo, katika vitendo viwili ambavyo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuvikariri kabla ya kengele ya mapumziko.

Ugumu uko kwenye kujua jozi ipi ifuate. Ukikosea leo, kazi haikwambii. Inanyamaza, inakuacha uendelee mistari kumi, ndipo unagundua una jozi moja isiyo na pa kwenda. Mwalimu anayepita nyuma ya kiti chako hulisoma kosa hilo kwa mbali, kwa sababu ameona jozi imelala upande usio wake. Kitabu hakipiti nyuma ya kiti. Mwaka 1561 mji wa Zurich ulichapisha kitabu cha michoro ya lesi za bobini, na mwandishi wake, mwanamke aliyejitambulisha kwa herufi R.M. tu, alieleza kuwa sanaa hiyo iliingia mjini kwao mwaka 1536 kwa mikono ya wafanyabiashara kutoka Venice. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu. Vitabu vya aina hiyo vilichapa maumbo. Namna ya kuyatenda ilibaki kwa anayefundisha.

Serikali nazo zililijua hilo. Mwaka 1665 Colbert, waziri wa mfalme Louis wa 14, alipotaka Ufaransa iache kumwaga fedha kwa lesi za Venice, hakutosheka na kununua sampuli ili mafundi wake wazichunguze. Alileta watengenezaji wenyewe. Mji wa Alençon ukawa na lesi yake ya sindano, na ujuzi huo, ambao bado hupokezwa kwa kukaa na fundi, uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2010. Idrija, mji uliokuwa wa machimbo ya zebaki huko Slovenia ambako wake wa wachimbaji waliongezea kipato kwa lesi, ulifungua shule ya lesi mwaka 1876. Shule hiyo ingali inafundisha watoto hadi leo.

Lakini wengi hawana Idrija karibu. Mtu anaishi mji ambao yeye peke yake ndiye mwenye mto na bobini. Kwa watu wa namna hiyo, shule ilibidi iwe ya kuhamahama. Marekani kuna chama kilichoanzishwa mwaka 1953, leo kinaitwa International Organization of Lace, ambacho hufanya mkutano kila mwaka, kila mara katika mji mwingine. Kuna pia shirika la kimataifa la lesi za bobini na sindano, OIDFA, ambalo mikutano yake huzunguka nchi: mwaka 2016 ilikuwa Ljubljana, Slovenia, na mwaka 2018 Bruges, Ubelgiji.

Mkutano wa namna hii una maonesho, mashindano, karamu na hotuba. Hayo yanafanana kila mahali duniani, na mkutano bila hotuba ndefu sijapata kuusikia. Uti wa mgongo ni madarasa. Darasa refu hufikia saa 24 za kufundishwa, zikigawanywa katika siku kadhaa. Mafupi ni nusu yake au pungufu. Orodha ya walimu hutangazwa mapema, mtu huchagua analolitaka na la akiba iwapo la kwanza litajaa. Kisha inakuja barua yenye vifaa vya kuja navyo: unene wa uzi, idadi ya jozi za bobini, aina ya mto, taa, miwani ya kukuzia. Wapo walimu wanaodai bobini zije zimeshazungushiwa uzi. Si ukali. Kuzungushia uzi jozi 40 kunaweza kula asubuhi nzima, na hakuna aliyelipa nauli aje kuzungusha uzi.

Ushauri unaorudiwa na wazoefu ni kumchagua mwalimu kabla ya mchoro. Mchoro mzuri unavutia kwenye tangazo, lakini mwisho wa juma wengi hawajaumaliza, na hawakupaswa kuumaliza. Anayerudi na kipande cha urefu wa kidole lakini anajua kwa nini kila jozi imekwenda ilikokwenda amefaidi kuliko aliyekimbiza maua matatu kwa kuambiwa vuta hii, weka ile.

Lipo darasa moja ambalo lingemfaa mtu wa Bunda hata kama hana nia ya kushika bobini: la kutambua lesi. Wanafunzi hukaa na kioo cha kukuzia na vipande vya kila aina, wakijifunza kujua kilichofanywa kwa mkono na kilichotoka kiwandani. Lesi nzito za harusi zinazouzwa maduka ya Musoma na Mwanza kwa kawaida ni udarizi wa mashine, ukoo wa ile iliyobuniwa na Mswisi Isaak Gröbli mwaka 1863. Baadhi yake hudariziwa juu ya kitambaa ambacho baadaye huyeyushwa, yakabaki maua yameshikana yenyewe. Kioo hufichua siri hiyo upesi: uzi hauna safari, unakwenda mbele na nyuma palepale, na kingo zake zina manyoya. Katika lesi ya mkono unaweza kuufuata uzi mmoja kutoka ua hili hadi lile. Muuzaji anayekuapia kuwa ni kazi ya mkono mpe kioo atazame mwenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Nani hapa mkoani Mara anayefanya kazi ya ukoo huu? Wa kwanza ni wafumaji wa kroshia, ambao vitambaa vyao vimetanda kwenye makochi, meza na redio kuanzia Bunda hadi Tarime. Wengi hawajioni kuwa watengenezaji lesi, na wanajipunja. Mwaka 1847, Ireland ikiwa katika njaa ya viazi, kroshia iliingizwa katika mji wa Clones na Cassandra Hand, mke wa mchungaji, ili kinamama wapate cha kuuza. Maua yale ya waridi na majani yaliyofumwa kwa ndoano moja yakawa lesi yenye jina lake, na hadi leo yana nafasi kwenye madarasa ya mikutano pamoja na bobini. Pwani nako, kofia za mkono za Zanzibar na Lamu, na ndugu zake wa Oman, zimejaa vitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Wataalamu wa lesi huita hiyo udarizi, lakini mshonaji wa kofia angekaa darasa lolote la sindano bila kutetereka.

Wa pili ndiye anayenivutia zaidi, na yuko mwaloni, kando ya ziwa. Nenda Guta mchana, wakati mitumbwi imepumzika, utamkuta mvuvi ameketi chini, wavu umekazwa kwenye kidole cha mguu, anaziba palipochanika. Nyavu siku hizi hutoka viwandani, kwa hiyo ufundi umebaki kwenye kuziba, lakini fundo ni lilelile la kale. Uzi unashuka mbele ya kibao kinachopima ukubwa wa jicho, unapanda kupitia jicho la juu, unavutwa mpaka jicho liguse kibao. Kidole gumba kinabana hapo. Kisha mkono unarusha kitanzi upande wa kushoto, sindano inapita nyuma ya miguu yote miwili ya jicho, inatokea ndani ya kitanzi, inavutwa. Fundo halitelezi tena. Inachukua muda mfupi kuliko kusoma maelezo haya, na mvuvi anafanya huku akibishana habari za Yanga na Simba.

Fundo hilo, bila kubadilishwa hata kidogo, ndilo msingi wa lesi ambayo Wafaransa huiita filet. Tofauti ni vipimo. Badala ya macho ya inchi kadhaa, hufungwa macho ya milimita chache kwa uzi wa pamba au kitani. Wavu ukishakamilika unakazwa kwenye fremu, na sindano ya kawaida inajaza baadhi ya macho kwa kupita juu na chini, mengine yakiachwa wazi, mpaka umbo la ndege au ua litokee. Wanaofuma kroshia ya miraba iliyojaa na miraba mitupu wanaiga lesi hiyo, wengi bila kuijua. Yaani Bunda ina pande zote mbili za kazi moja: mwaloni wanafunga wavu, sebuleni wanajaza miraba, na hawajawahi kukalishwa meza moja.

Hapo ndipo ninapoona pengo. Mikusanyiko tunayo. Maonesho ya Juakali ya wajasiriamali wa Afrika Mashariki yalikuja hadi Mwanza Desemba 2021. Nane Nane ya kanda yetu hufanyika Nyakabindi, Simiyu. Na Nane Nane ina sifa ambayo hatuisemi vya kutosha: kwa mkulima, ni shule. Kuna vipando vya mazao, kuna mtaalamu amesimama pembeni akieleza nafasi ya mche na mche, na mtu anaondoka na kitu kichwani hata kama hakununua mbegu. Ukifika kwenye mabanda ya kazi za mikono, shule imekwisha. Kitambaa kinaning'inia, bei imebandikwa, aliyekifuma amekaa nyuma anapunga nzi. Mfumaji mwenzake anayepita anakipiga picha kwa simu ili akaige, na picha, kama tulivyoona, haisemi uzi upi ulitangulia.

Darasa la kwanza halihitaji ukumbi wa kifahari. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa kiko hapahapa wilayani, na vyuo vya aina hiyo vilianzishwa tangu 1975 kwa ajili ya watu wazima wanaotaka ujuzi wa mikono. Darasa la filet lingetaka meza, fremu za mbao ambazo seremala yeyote anazitengeneza, na uzi mwembamba wa pamba, ambao kwa kejeli ya uchumi wetu utanunuliwa dukani umetoka mbali, wakati pamba yenyewe inalimwa kuanzia hapa hadi Shinyanga. Sindano za nyavu zinauzwa mwaloni, ila ni nene mno. Ndogo zitachongwa kwa mianzi, na kibao kitakuwa kijiti kilichonyooka cha unene wa penseli.

Anayebaki ni mwalimu. Siku mbili za kwanza, za kufunga wavu, zinapaswa kushikwa na mvuvi kutoka Guta au Kisorya, mtu ambaye vidole vyake havina haja ya kulitazama fundo. Atakuta darasa karibu lote ni la kinamama, na atalazimika kufanya jambo ambalo mwaloni hajawahi kuombwa: kulifunga fundo polepole, kusimama katikati, na kueleza kidole gumba kinafanya nini. Siku ya tatu wafumaji wa kroshia wachukue fremu, na yeye akae upande wa wanafunzi.