ALAMU NA TAA ZA GARI: RELEI MBILI, SIYO MOJA!



Huku kwetu Mabwerebwere, Kilosa, usiku ukiwa mbali na taa za umeme giza ni giza kweli. Alamu ya gari ikilia unasikia kelele tu, hujui ni gari la nani. Ndiyo maana watu wanataka endiketa nazo ziwake alamu inapolia. Wazo zuri, shida ni namna zinavyofungwa.

Kuna Noah moja nimeiona, imefungwa na fundi wa mtaani. Ukiwasha endiketa ya kushoto, na za kulia zinawaka. Mwenyewe anaona poa tu. Sasa fikiria jamaa anataka kukata kulia pale Mikumi, kwenye barabara kuu ya Dar–Mbeya, nyuma ana semi limejaa mzigo. Dereva wa semi anaona pande zote zinamweka, anadhani Noah imepata hitilafu, anaipita kwa kulia. Nadhani mmenielewa.

Tuanze na hesabu. Gari dogo la kawaida lina globu nne za endiketa za wati 21 na mbili ndogo za ubavuni za wati 5. Jumla wati 94. Gawa kwa volti 12, unapata karibu ampea 7.8. Alamu nyingi zina kiwaya chembamba cha kutoa amri tu, nguvu yake ampea 0.2 mpaka 0.5. Ukikiunga moja kwa moja kwenye globu, unaiua alamu. (Zipo zenye relei ndani, zina waya mbili nene za taa. Soma karatasi yake kabla hujakata chochote.)

Relei ndiyo inabeba mzigo huo. Ni swichi inayovutwa na sumaku: koili yake inakula kama ampea 0.15 tu, lakini mguso wake unapitisha hata ampea 30. Chini ina namba. 85 na 86 ni koili. 30 ni umeme unaoingia, 87 unaotoka.

Kosa la ile Noah ni relei moja. Waya wa kushoto na wa kulia zote zimeungwa kwenye 87, kwa hiyo zimekutana moja kwa moja, alamu iwe imewashwa au haijawashwa. Na usidanganyike na relei yenye 87 mbili, nyingi zimeunganishwa humo humo ndani.

Dawa ni relei mbili. Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Chukua chanya ya betri, pitisha kwenye fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu kabisa na betri, peleka kwenye 30 za relei zote. Namba 86 zote nazo zipate chanya yenye fyuzi ndogo. Namba 85 zote ziende kwenye kiwaya cha alamu, kama kinatoa hasi. 87 ya kwanza endiketa za kushoto, 87 ya pili za kulia. Basi. Koili mbili zinakula ampea 0.3, hivyo kama alamu yako inatoa 0.2 tu, tafuta relei yenye koili moja na miguso miwili isiyogusana.

Weka na kidaiodi, 1N4007 inatosha, katikati ya 85 na 86, mstari wake uangalie 86. Koili ikizimwa inarudisha umeme mkali kinyume, na unaokula kipigo ni alamu.

Wa malori, volti zenu ni 24. Relei iandikwe 24, ya 12 itaungua koili.

Taa kubwa ni habari nyingine. Toyota nyingi swichi yake inakata upande wa hasi, kwa hiyo pima kwanza.

Ukimaliza, washa endiketa ya kushoto, shuka, zunguka uangalie za kulia. Ikiwaka hata moja, usitoke na gari hilo barabarani.