Jua Mwendo wa Punda Wako Kabla Hajaanza Kuchechemea

Katika vijiji vya Tulia, kiangazi kikikaza, familia nyingi hutegemea punda kuteka maji kwenye visima vya mchangani. Punda akiumia mguu, ni mama na watoto wanaobeba mitungi. Hata hivyo, punda huficha maumivu, na wengi hugundua tatizo akiwa tayari hawezi kutembea. Anayejua mwendo wa kawaida wa punda wake atalitambua mapema.

Mwendo wa kawaida

Punda anapotembea, kila mguu hukanyaga kwa zamu yake: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, kisha mbele kulia. Ukisikiliza kwenye ardhi ngumu utasikia vishindo vinne vyenye nafasi sawa. Akikimbia polepole, husikika vishindo viwili, kwa kuwa mguu wa mbele kulia hutua pamoja na wa nyuma kushoto, kisha jozi ya pili. Ngamia ni tofauti: miguu ya upande mmoja huenda karibu pamoja, ndiyo maana huyumba. Kila mnyama ana mwendo wake wa asili. Cha muhimu ni mabadiliko.

Jinsi ya kumpima

Mtoe mzigo na tandiko. Mwombe mtu amwongoze hatua ishirini kwenye ardhi ngumu na tambarare, kisha amrudishe. Kamba ilegezwe ili kichwa kiwe huru. Tazama mambo haya:

- Kichwa kikiinuka kila mguu fulani wa mbele unapokanyaga, huo ndio unaouma. Kitashuka akikanyaga mguu mzima.
- Nyonga ya upande mmoja ikipanda zaidi ya nyingine, chunguza mguu wa nyuma wa upande huo.
- Vishindo visipolingana, au hatua ikiwa fupi, kuna tatizo.

Ukiona dalili

Usimpakie mzigo. Inua mguu na usafishe kwato kwa kijiti kisicho na ncha kali. Mara nyingi utakuta jiwe, mwiba, ufa au uvundo. Kidonda cha msumari ni hatari kwa sababu kinaweza kuleta pepopunda, kwa hiyo mwite afisa wa mifugo mara moja. Usikate kwato kwa panga.

Kwato zipunguzwe na mtu mwenye ujuzi kila wiki 6 hadi 10. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wa punda. Punda wa kilo 150 anatosha kubeba mitungi miwili ya lita 20, mmoja kila upande. Mitungi minne ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wake.

Kumfanyisha kazi mnyama aliyeumia ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura 360. Isitoshe, kupata punda mwingine si rahisi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini, na ya 2019 takriban milioni 1.2.

Wahenga walisema punda afe, mzigo ufike. Lakini akifa huyu, maji ya kesho yatafikaje? Asubuhi, kabla ya kumfunga mitungi, mtembeze hatua ishirini na usikilize. Ukiwa na shaka, mwone afisa wa mifugo wa wadi yako.