Afya ya akili ya vijana wetu walioko vyuo vya kilimo



Katika toleo hili tunapenda kueleza jambo ambalo kwa miaka mingi halikuwamo katika taarifa za mradi wetu wa elimu. Kijana mmoja wa Lituhi, anayesoma shahada ya kilimo kwa ada ya mradi, alirudi nyumbani katikati ya muhula. Hakuwa na malaria. Alikaa jikoni kwa mama yake wiki tatu, chakula hakimpiti, usingizi hapati, ziwani na wenzake hataki kwenda. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni uvivu. Tulipofungua faili lake tulikuta fomu yetu inauliza alama za mitihani, mwenendo na mahudhurio ya ibada. Hapakuwa na mahali tulipomwuliza, "U hali gani?"

Tufikiri mzigo anaoubeba. Kutoka Lituhi kwenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kijana hupita Kitai, Songea, Makambako na Iringa. Nyuma yake ameacha wazazi waliouza mbuzi. Usipa wakiadimika ziwani, anajua siku hiyo hiyo kwa simu. Bumu likichelewa, hula mara moja kwa siku. Akipata sapu, anaogopa kudisko na hathubutu kuwaambia nyumbani. Anaporudi likizo wazee humwuliza kwa nini muhogo unaoza kwa michirizi ya kahawia, kana kwamba keshakuwa bwana shamba, na kumbe mwaka wa kwanza bado anahangaika na kemia!

Msongo wa mawazo wa namna hii humpata kila mtu, na mara nyingi huisha mtihani ukipita. Sonona ni ugonjwa. Mtu hukosa furaha karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, huacha aliyoyapenda, hujiona hana thamani, usingizi na hamu ya chakula huharibika, na masomo hayaingii. Hutibiwa kwa ushauri nasaha, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Sisi Walutheri tusilione jambo hili kuwa geni, kwani hospitali ya Lutindi kule Usambara ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1904, chini ya wamisionari wa Betheli. Maombi yaendelee, lakini yasimzuie mtu kufika hospitali.

Wanakamati wengi hutuuliza kama ni hatari kumwuliza kijana iwapo anawaza kujiua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema. Mwulizeni kwa upole, faraghani, msimwache peke yake, na mfikisheni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa takwimu za shirika hilo za mwaka 2021, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29 duniani.

Kwa watu wa kilimo kuna jambo la ziada. Sumu za wadudu ziko mikononi mwao kila siku, chuoni na shambani. Sri Lanka ilipopiga marufuku sumu zilizo kali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua sana. Hivyo tunaomba kila nyumba, hasa za wakulima wa kahawa kule Umatengoni, iweke dawa za shamba katika sanduku lenye kufuli, na ufunguo ushikwe na mtu mmoja. Mwanafunzi anayejifunza hili leo ndiye afisa ugani wa kesho, na mkulima aliyepoteza mazao humwona yeye kabla ya kumwona daktari.

Fomu yetu tumeibadilisha. Swali la kwanza sasa ni hali ya mwanafunzi, na alama zinafuata. Wakati wa likizo tunawakutanisha wanafunzi na muuguzi wa afya ya akili, bila wazazi wala wachungaji kuwapo. Jambo hili la mwisho lilileta ubishi katika kamati, lakini wanafunzi wenyewe ndio walioliomba.

Kijana wetu alipelekwa hospitali Songea, anaendelea na dawa, na ameahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Wafadhili wake walituuliza kama ada yake apewe mwanafunzi mwingine. Tumewaomba waiweke hadi atakaporudi chuoni.