Wanaume watano wenye kufungua njia

Tarehe 25 Novemba 1995, katika muji wa Ann Arbor, inchi ya Marekani, mutoto mumoja wa Kinshasa alishangaza watu zaidi ya laki moja. Jina lake Tshimanga Biakabutuka. Alizaliwa kwetu, akakomalia Canada, na siku ile alivaa jezi ya chuo kikuu cha Michigan. Alikimbia na mupira yadi 313, ni kusema karibu mita 286, mbele ya Ohio State, ekipe yenye ilikuwa haijapigwa hata mara moja mwaka ule. Michigan ikashinda 31 kwa 23.

Jina lile tunalikumbuka, na tuko na haki ya kulisifu. Lakini leo tunaleta ulizo lingine: nani alimufungulia njia?

Katika futiboli ya Marekani, mbele ya mutu mwenye kushika mupira kunasimama wanaume watano, wamepangwa mustari moja. Wa katikati njo anaanzisha muchezo: anapitisha mupira nyuma, kati ya miguu yake. Kisha wote watano wanainuka na kugongana na adui kifua kwa kifua. Wanafanya vile ao ili mwenye kukimbia apate nafasi, ao ili mwenye kutupa apate sekunde tatu za kuangalia mbele. Kwa kawaida sheria haiwaruhusu kupokea mupira wenye kutupwa. Hesabu za yadi na za poe haziwahusu. Tunasemaka kama kidole kimoja hakivunji chawa. Basi, hawa njo vidole vinne vyenye kubakia, pamoja na mukono muzima.

Kwenye mustari wa Michigan mwaka ule kulikuwa Jon Runyan na Jon Jansen. Wote wawili walicheza miaka mingi katika ligi kubwa, NFL. Runyan mwenyewe alichaguliwa mubunge wa Marekani mwaka 2010. Ni wangapi kati yetu walisikia majina yao siku zile?

Watu wenye kujua muchezo, ukiwauliza mukubwa wa hii kazi, wengi watakujibu: Anthony Muñoz. Huyu alizaliwa mwaka 1958 katika jimbo la California. Urefu wake karibu mita mbili, uzito kilo 126. Alipokuwa kwenye masomo alipasuliwa goti mara tatu, na ekipe nyingi zikaogopa kumuchukua. Cincinnati haikuogopa, ilimuchagua mwaka 1980. Akachezea ekipe ile moja tu miaka 13, na mara 11 alichaguliwa kati ya bora wa ligi. Mara ingine kocha alimuficha kati ya wenye kupokea mupira, na kwa namna ile alifunga mara 4. Jitu la kilo 126 linakimbia na mupira mukononi, fikiria!

Lakini goti la Muñoz linatuonyesha upande mwingine. Jim Otto, wa ekipe ya Oakland, alicheza mechi 210 za ligi zenye kufuatana, bila kukosa hata moja, tangu 1960 mpaka 1974. Alipasuliwa mara nyingi kabisa, na mwaka 2007 waganga wakamukata muguu wa kuume.

Mike Webster, wa Pittsburgh, alilipa bei kubwa zaidi. Alishinda Super Bowl mara 4, akacheza miaka 17. Kila mechi, mara makumi, kichwa chake kiligongana na kichwa cha mwenzake. Kisha kuacha mupira, akili ilianza kumupotea. Kuna usiku alilala mu gari lake. Akafariki Septemba 2002, akiwa na miaka 50 tu.

Munganga mwenye kupima maiti yake alikuwa Munigeria, Bennet Omalu. Kwa macho, ubongo wa Webster ulionekana muzima. Omalu hakutosheka. Aliukata vipande vyembamba, akavipima chini ya mikroskopu, na akaona ugonjwa wenye watu walizoea kuuona kwa wapiga-ngumi. Alipoandika juu ya jambo lile mwaka 2005, waganga wa kamati ya ligi walidai andiko lake liondolewe. Halikuondolewa. Mwaka 2016 njo mukubwa mumoja wa ligi alikubali mbele ya wabunge kwamba muchezo huu na ugonjwa ule vinahusiana.

Tuseme wazi: hatuandiki haya ili kuwafukuza vijana uwanjani. Siku hizi wenye kulinda upande wa kushoto wanalipwa pesa nyingi sana, juu ekipe zilielewa kama mwenye kutupa akivunjika, mwaka mzima unaharibika. Lakini mushahara unahesabiwa wakati wanacheza, na ile migongano inakuja kuhesabiwa nyuma, wakati watu walishatoka uwanjani.

Kwa hiyo, wasomaji, siku mutaangalia tena picha za Tshimanga, musimuangalie yeye peke yake. Musimamishe picha pale mwanzo, kabla ya mupira kuondoka. Muhesabu wale watano wenye kuinama mbele yake, mikono chini, na muangalie vichwa vyao vinaelekea wapi.