Lugha ya Leo Kinywani mwa Shujaa wa Kale

Utangulizi

Kila mara simulizi ya kishujaa inapoandikwa upya, wasomaji huzusha hoja mbili. Hoja ya kwanza ni kwamba shujaa anasema kama mtu wa leo. Ya pili ni kwamba shujaa anakata shauri ambalo haliingii akilini. Wahakiki wamezoea kuzitenga hoja hizi: ya kwanza huiweka chini ya fani, na ya pili chini ya maudhui. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi hoja hizi ni moja, na kwamba kuzitenga kumewafanya walimu wengi kuhukumu vibaya kazi za watunzi na majibu ya wanafunzi.

Mfano wa msomaji utachukuliwa kutoka Kathiani, katika vilima vya Iveti, Machakos. Huko lugha ya nyumbani ni Kikamba, na Kiswahili, kwa wengi, ni lugha ya pili inayoimarishwa shuleni. Tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani (2001), ambayo msingi wake ni kisa cha Fumo Liyongo, ilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyotahiniwa katika shule za sekondari za Kenya katika miaka ya 2000. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kathiani, kama mwenzake wa kwingineko, alikutana na shujaa wa pwani ya kaskazini akiwa amevikwa jina jipya na kusemeshwa Kiswahili sanifu. Je, msomaji huyo hutambuaje kwamba lugha fulani ni ya kale na nyingine ni ya kisasa?

Ukale wa wakati na ukale wa mahali

Jibu la haraka ni kwamba ya kale ni ile ya tenzi. Muhammad bin Abubakar Kijumwa wa Lamu alitunga utenzi wake wa Fumo Liyongo mwaka 1913, na kwa msomaji wa bara utenzi huo una sauti ya zama za mbali. Mna nti badala ya nchi, mato badala ya macho, ndia badala ya njia. Lakini yafaa ieleweke kwamba maumbo haya si ya kale kwa maana ya wakati. Ni maumbo ya Kiamu, na Kiamu ni lahaja hai: mzee wa Lamu huyatumia anapoagiza samaki. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo lahaja za kaskazini zikaanza kusikika darasani kama lugha ya mababu. Umbali wa mahali ukageuzwa kuwa umbali wa wakati.

Kwa msomaji wa Kathiani kosa hili lina kinaya chake. Nchi kwa Kikamba ni nthi. Macho ni metho. Umbo la Kiamu, ambalo mwalimu humweleza kuwa la kale na gumu, linakaribiana na neno alilolisikia kwa mama yake kuliko umbo la sanifu analofundishwa kuwa la kawaida. Basi kama ukale ungekuwa ugeni tu wa sauti, msomaji huyu angepaswa kuliona neno nchi kuwa ndilo la ajabu, na nti kuwa la nyumbani.

Hasara ya kosa hili si ndogo. Ikiwa lugha ya shujaa ni lazima iwe Kiamu, basi wenye haki ya kutunga kazi za kishujaa ni wenyeji wa Lamu na Pate peke yao, na mtunzi wa bara atabaki kuiga maumbo asiyoyamiliki. Tena Waamu wenyewe wanadhulumiwa, kwa kuwa usemi wao wa kila siku unafanywa pambo la makumbusho. Haina budi kutafuta kipimo kingine.

Nyoka wa Syokimau

Kipimo hicho kipo Machakos kwenyewe. Masimulizi ya Wakamba humtaja Syokimau, mwanamke mtabiri aliyeishi kabla ya utawala wa Waingereza. Inasimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akitoka kwenye maji ya upande mmoja na kwenda hadi maji ya upande mwingine, na watu wa rangi ngeni waliobeba moto. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na wasimulizi wakasema kwamba nyoka amekuja. Mwaka 2012 kituo cha garimoshi kilichopewa jina la eneo la Syokimau kilifunguliwa karibu na Nairobi, hata jina la mtabiri likawa la mahali pa kupandia nyoka wake.

Tuseme mtunzi wa leo anaandika tamthilia juu ya Syokimau. Akimfanya aseme reli, utabiri wote umekufa: aliyekwisha kuwa na neno reli hakuona jambo jipya. Neno nyoka, Kikamba nzoka, si la kale wala si la kisasa. Hutumiwa leo kama lilivyotumiwa jana. Nguvu yake ni kwamba ndilo neno la karibu kabisa ambalo dunia ya Syokimau ingeweza kumpa. Halikadhalika, akimfanya aseme kwamba taifa litapoteza uhuru wake wa kisiasa, atakuwa ametumia maneno sanifu yasiyo na dosari, lakini wazo lenyewe limetoka katika mikutano ya miaka ya 1950.

Kutokana na mfano huu kipimo kinaweza kuelezwa hivi: neno la mhusika lisipimwe kwa umri wake, bali kwa dunia lililozaliwa nalo. Swali si je, neno hili lilikuwapo wakati ule? Swali ni je, mtu aonaye hivi angeweza kuliwaza jambo hili kwa neno hili?

Wasikilizaji wa ngano hawahitaji kufundishwa kipimo hiki. Katika ngano za jamii nyingi za Afrika Mashariki, zimwi hujaribu kuigiza sauti ya mama ili watoto wamfungulie mlango, na sauti nzito humtoa nje. Watoto hawamkatai kwa sababu maneno yake ni mapya, kwa kuwa ni yale yale ya mama. Wanamkataa kwa sababu sauti na msemaji havilingani. Msomaji anayelalamika kwamba shujaa anasema kama diwani amesikia zimwi mlangoni.

Mjadala huu umewahi kufanyika kwingineko pia. J. R. R. Tolkien, aliyetoa The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955, aliitetea lugha yake ya kikale katika barua ya mwaka 1955 kwa hoja kwamba mtu anayewaza kisasa hasemi mambo ambayo mashujaa wake husema. Kubadili maneno peke yake kungezaa uongo. Naye Ursula K. Le Guin, katika insha ya mwaka 1973, alichukua kipande cha riwaya ya kifantasia, akabadili majina machache, na mazungumzo ya makabaila yakawa ya wanasiasa wa Washington. Wote wawili walisimama mahali pamoja: kosa la lugha ni dalili ya kosa la fikra.

Liyongo na swali la mwana

Tugeukie sasa hoja ya pili, ya maamuzi. Katika kisa cha Liyongo, mwana anatumwa na adui wa baba yake, baada ya kuahidiwa binti wa mfalme, aende kumwuliza baba ni kitu gani kinachoweza kumwua. Liyongo anashuku kwamba kijana amedanganywa. Hata hivyo anamwambia: ni sindano ya shaba kitovuni. Wasomaji huuliza kwa nini shujaa aliyetoroka gerezani kwa werevu, kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, anashindwa na swali la mtoto.

Jibu linategemea lugha atakayopewa. Tulinganishe sentensi mbili zilizotungwa kwa ajili ya makala haya. Ya kwanza: Nitakueleza siri ya usalama wangu ingawa najua kuna hatari. Ya pili: Umetumwa, mwanangu, lakini mwana wa muungwana hauliziki akarudi mkono mtupu. Maneno yote ya sentensi mbili hizi yamo katika Kiswahili cha leo. Lakini anayesema sentensi ya kwanza ni mpumbavu, kwa sababu mwenye kupima usalama na hatari hawezi kumpa adui siri. Anayesema ya pili ni mtu aliyefungwa na uungwana: kumnyima mwana jibu ni kukiri kwamba anamwogopa mwanawe, na hilo kwake ni zito kuliko kifo. Kisa ni kile kile. Kilichobadilika ni lugha, na kwa lugha uamuzi umekuwa upuuzi mahali pamoja na msiba mahali pengine. Hapa ndipo hoja mbili za wasomaji zinapokutana.

Kinjeketile na Mwelusi

Kipimo hiki kiwekwe mbele ya kazi mbili. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) inahusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na imetungwa kwa Kiswahili. Wazo la umoja wa makabila linalosisitizwa humo lina sauti ya Tanzania ya baada ya uhuru. Lakini mtunzi hakulileta kama hotuba. Amelitia ndani ya maji yenyewe. Mwishoni Kinjeketile anatakiwa akane, aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, si kwa nadharia ya siasa, bali kwa kuwa neno alilolitoa limekwisha mzidi nguvu. Uamuzi huo unawezekana tu kwa mtu anayeamini kwamba neno ni kitu chenye uhai. Lugha ni ya 1969. Fikra ni ya mganga wa Ngarambe.

Kifo Kisimani ni kazi ya namna nyingine. Mwelusi wa Butangi anapoupinga utawala wa Mtemi Bokono, maneno yake juu ya uongozi na haki yanasikika kama ya Kenya ya miaka ya 1990. Jaribio la Le Guin lingeipata na hatia: badili majina na utakuwa Nairobi. Lakini tamthilia hii ni fumbo, na fumbo hutungwa ili majina yaweze kubadilishwa. Shaaban Robert alifanya vivyo hivyo katika Kusadikika (1951), ambamo Karama anajitetea kwa lugha ya mahakama katika nchi iliyo angani. Swali linalofaa kuulizwa juu ya Kifo Kisimani linahusu Gege. Mberia amemfanya msaliti kuwa ndugu badala ya mwana. Ndugu anaweza kusukumwa na tamaa ya cheo na ya kumwoa Alida, na tamaa haihitaji lugha ya zama maalumu. Lakini kwa badiliko hilo lile fundo la uungwana kati ya baba na mwana limefunguka, na pamoja nalo sehemu kubwa ya msiba wa Liyongo. Hii si dosari ya msamiati. Ni bei ambayo mtunzi amekubali kulipa ili fumbo lake lieleweke.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Kathiani akiandika katika insha yake kwamba Mwelusi anasema kama mwanasiasa, mwalimu asimsahihishe kwa kumpa orodha ya maneno ya kale. Amwulize: ni uamuzi gani wa Mwelusi ambao neno hilo linaufanya uwe mwepesi mno? Na mtunzi kijana wa bara anayetaka kuandika juu ya Syokimau asiambiwe kwamba akajifunze kwanza Kiamu. Kiamu kina thamani yake, nacho kifundishwe kwa haki yake kama lahaja ya watu walio hai. Kazi ya mtunzi huyo ni kujua mtabiri wake aliona nini, kisha asimpe neno lolote ambalo macho yake hayajalifikia.